Mkojo wa Kuazima

Dirisha la kituo cha watoto lilifunguliwa saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, na akina mama walikuwa wameshapanga mstari, kila mmoja na mtoto mgongoni na kichupa mkononi. Ilikuwa siku ya kupanga zamu. Siku hiyo mjini Nanjengo hakuna aliyechelewa.

Somoe Namkuna alipokea kichupa cha kwanza, akakichomeka kwenye tundu la Kisomeo, mashine ya kupimia mkojo, akahesabu hadi tisa. Taa ikawaka kijani. Mlango mdogo ulifunguka, mtoto akaingia kwa walezi, na jina la mama yake likatokea kwenye kibao cha lango la kiwanda, ng'ambo ya barabara. Kichupa cha pili, kijani. Cha tatu, kijani.

"Mama Lukia, leo mashine yako imeshiba," Chande, mlinzi wa mlango, alimwambia Somoe. "Juzi ilikuwa na macho mekundu kama ya bosi wake."

"Wenzako wenye akili wako kiwandani. Wewe wamekupa kitasa ukichunge."

"Nakichunga. Kwenu hamjui kitasa. Mnafunga nyumba kwa kamba ya mgomba."

Mstari ulicheka. Makabila ya Chande na Somoe yalikuwa watani tangu enzi za mababu, na mtani hasusiwi. Mama mmoja aliyekuwa katikati ya mstari hakucheka. Alikuwa Mama Ismati, mpanga magunia wa zamu ya kwanza. Mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu alikuwa amelala mgongoni, shavu likiwa limebanwa kwenye kanga. Alitoa kichupa bila kumtazama Somoe. Kijani. Alipokea kichupa kitupu, akamfungua mtoto, akamkabidhi kwa mlezi, akavuka barabara kwa haraka.

Kufikia saa moja na nusu watoto sitini na wanne walikuwa wamesomwa, na hakukuwa na mwekundu hata mmoja. Somoe alifunga dirisha. Hapo ndipo Kisomeo kilipoanza kazi yake ya pili, ile ya kulinganisha sampuli zote za siku, na kioo chake kikaandika:

SAMPULI PACHA: SABA. MSOMAJI ATOE MAELEZO KABLA YA SAA NANE MCHANA.

Chini yake yalikuwapo majina ya watoto saba. Sita walikuwa wa mstarini. Wa saba alikuwa Lukia Namkuna, miaka mitatu, binti yake mwenyewe, ambaye Somoe alikuwa amemsoma kabla dirisha halijafunguliwa.

*

Kisomeo hakikutafuta vijidudu. Vijidudu vya njia ya mkojo vinahitaji muda wa kuota kwenye maabara, siku moja au mbili, na figo ya mtoto haisubiri. Vipimo vya zamani vya karatasi vilitafuta kemikali ambayo vijidudu huitengeneza mkojo unapokaa kibofuni saa nne hivi. Mtu mzima hukaa na mkojo saa nne. Mtoto wa mwaka mmoja hakai nao, hukojoa kila mara, na karatasi inabaki nyeupe huku figo ikiungua. Kwa hiyo Kisomeo kilitafuta protini moja ambayo mwili wenyewe huimwaga kwenye mkojo pale chembe za ulinzi zinapopigana na kuta za figo zinapochubuliwa. Ilikuwa na jina refu. Wasomaji waliiita kilio. Chini ya thelathini, mtoto mzima. Juu ya hamsini, taa nyekundu.

Ndani ya mkojo pia mna seli chache za aliyekojoa, na kutoka kwenye seli hizo mashine ilipata chapa ya kila mtoto. Sheria ilikataza kuhifadhi chapa za watoto, hivyo zilifutwa kila siku saa nane mchana. Kabla ya kufutwa zilitumika kwa mambo mawili tu: kuonyesha watoto wawili wenye chapa moja, na kuonyesha mtoto mmoja mwenye chapa mbili. Pacha wa kweli walikuwapo Nanjengo, jozi nne, kwa hiyo mashine ilivumilia wawili. Haikuvumilia saba.

Sheria yenyewe ilianza vizuri. Zamani watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha kinywe, yale madini meusi ya penseli na betri, walikuwa wakiletwa hospitali wakiwa wameshachelewa, kwa sababu mama hakuweza kuondoka kwenye mtambo. Ibara ya kwanza ikaamuru kila mtoto apimwe kila asubuhi, na mama wa mtoto mwekundu apumzishwe siku kumi akae naye wodini, atake asitake. Miaka miwili baadaye ikaongezwa ibara ya pili: mama aliyepata wekundu watatu kwa mwaka ameonekana hafai kupangiwa zamu, na ahamishiwe na familia yake Kambi ya Akiba, mwendo wa saa tano kwa gari, hadi mwaka uishe. Aliyetunga ibara ya kwanza alikuwa na mtoto. Aliyetunga ya pili alikuwa na kalamu.

Ibara ya tatu ilihusu udanganyifu. Aliyedanganya huenda Kambi ya Akiba na harudi. Mtoaji na mpokeaji ni kitu kimoja.

*

Saa tatu Somoe alimwachia Chande ufunguo akaenda nyumbani. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Lukia, alikuwa barazani akichambua kunde. Lukia alikuwa pembeni akimlisha mdoli wake maganda.

"Mbona mapema?" aliuliza Bibi. "Mashine imekufa?"

"Mama, nani amekuja hapa alfajiri?"

"Wamekuja watu."

"Wamefuata nini?"

Bibi aliendelea na kunde zake. "Wamefuata mkojo. Walikuja na vichupa vyao. Huyu akiamka anajaza kopo, wewe unachukua kidogo tu, mwingine unamwagwa. Kitu cha kumwaga unamnyimaje mtu?"

Somoe aliketi kwenye kizingiti. Alikuwa amejiandaa kukasirika, lakini hasira haikupata pa kushika.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza. Leo mmoja, kesho kutwa mmoja. Leo wamejazana kwa ajili ya hiyo siku yenu ya zamu. Kila mtu anaogopa taa."

"Uliwauliza kama watoto wao ni wazima?"

"Mtu akija kuomba chumvi, unamuuliza anapika nini?"

"Hii si chumvi."

"Kwa anayeihitaji ni chumvi." Bibi alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mimi nilijua wewe unajua. Nikasema, binti yangu ndiye anayeshika ile mashine, kama kuna ubaya atasema. Kila siku unaondoka na kichupa, unarudi, husemi. Nikajua umekubali."

"Nijue vipi? Walikuwa wakija mmoja mmoja."

"Basi ndiyo hivyo. Hatukuulizana."

Somoe alimwomba ataje majina. Bibi aliyataja kwa vidole, na yalikuwa yaleyale sita ya kwenye kioo. Watano walikuwa wamekuja leo tu kwa woga wa siku ya zamu. Wa sita, Mama Ismati, alikuwa amekuja wa kwanza, mara tu Somoe alipotoka, kabla hata ya adhana.

"Na jana alikuja," alisema Bibi. "Na juzi. Nikamwambia chukua tu, mwanangu, mtoto wangu hana choyo. Akalia kidogo. Nikadhani ni uchovu wa magunia."

*

Somoe aliporudi kituoni, Ismati hakuwa akicheza. Mlezi alikuwa amemlaza kwenye mkeka karibu na dirisha kwa sababu alikataa uji na kutapika maji. Taa ilikuwa ya kijani, kwa hiyo mlezi alidhani ni meno. Somoe alimpima joto: thelathini na tisa nukta moja.

Alimvua nguo, akachovya pamba kwenye maji ya baridi, akaanza kumsugua taratibu chini ya kitovu huku akipiga mluzi mdogo wa meno, ule ambao kila mama huujua. Kwa dakika tatu hakikutoka kitu. Dakika ya nne mtoto alilia kwa sauti nyembamba na mkojo ukatoka, kidogo, wa rangi ya chai iliyochujwa vibaya. Somoe aliukinga kwenye kichupa kisafi.

Kwenye droo kulikuwa na karatasi chache za zamani. Alichovya moja. Ilibaki nyeupe, kama alivyotarajia. Karatasi ile ilijua kusema ndiyo, haikujua kusema hapana.

Ilikuwa saa tano. Alisimama mbele ya Kisomeo na kichupa mkononi, akapanga mambo jinsi alivyofundishwa kupanga, bila kujitia ndani yake.

Hospitali haikupokea mtoto bila namba nyekundu, na duka la dawa halikufunguka bila namba hiyohiyo. Namba ilitolewa na mashine peke yake.

Akiusoma mkojo huu kwa jina la Ismati, mashine itaona chapa mbili za mtoto mmoja katika siku moja, na Mama Ismati atakwenda Kambi ya Akiba bila kurudi. Wenzake watano, waliofanya kosa lilelile, wangeweza kupona kwa maelezo ya uchafuzi wa vichupa na agizo la kurudia kesho. Adhabu ya watu sita ingemwangukia mmoja, na angeangukiwa kwa sababu moja tu: wa kwake ndiye anayeumwa.

Akisubiri chapa zifutwe saa nane, mashine itakubali sampuli mpya kesho alfajiri. Hakuna atakayejua. Mama Ismati, ambaye mwaka huu ana wekundu wawili tayari, atapata wa tatu kwa halali, atakwenda Kambi mwaka mmoja na kurudi. Mtoto atakuwa amekaa na homa saa kumi na tisa zaidi, juu ya siku tatu alizokwisha kukaa nayo. Kovu la figo halifutiki. Mtoto hukua nalo, na miaka ishirini baadaye hushangaa kwa nini damu yake inapanda.

Ilikuwapo njia ya tatu. Somoe aliitazama kwa muda, kisha akamwita Chande.

"Nenda kiwandani. Mlete Mama Ismati. Waambie ni mimi ninayemwita, usitaje mtoto."

"Wakikataa?"

"Wewe ni mtani wa nusu ya wasimamizi. Watukane mpaka wamtoe ili uwaondokee."

Chande alivaa kofia yake. "Kazi hiyo nimeisomea," alisema.

*

Mama Ismati aliingia na vumbi jeusi la kinywe hadi kwenye kope. Alimwona mtoto kwenye mkeka, akamwona Somoe, akaona na kichupa mezani. Alipiga magoti akamweka Ismati mapajani.

"Ana siku ngapi na homa?" aliuliza Somoe.

"Tatu. Jana usiku alikuwa wa moto sana."

"Kwa nini hukuniambia mimi, dada?"

"Wewe ni dirisha," alisema Mama Ismati. Hakusema kwa chuki. "Mtu haliambii dirisha."

Somoe alipokea neno hilo akaliweka kando. Alimweleza mambo mawili, ya leo na ya kesho, kwa maneno mafupi. Kisha akamweleza la tatu.

"Nikiusoma huu kwa jina la Lukia, mashine itaona chapa mbili kwa Lukia, si kwa Ismati. Mdanganyifu nitakuwa mimi. Namba nyekundu itatoka kwa jina la Lukia, nitachukua dawa, nitamchoma Ismati sindano hapahapa. Wewe huguswi. Unabaki na zamu yako."

Nje, Chande alisikika akimkatalia mtu mlango na kumwambia kwamba uso wake unatisha watoto.

"Lukia ana kilo ngapi?" aliuliza Mama Ismati.

"Kumi na nne."

"Ismati ana tisa. Dawa itakuja ya kilo kumi na nne."

"Naweza kuipunguza."

"Unaweza. Na akizidiwa kesho? Nitampeleka hospitali niseme nini? Watafungua jina lake wakute kijani, kijani, kijani. Mtoto mzima. Watamtafuta anayeumwa, watamkuta Lukia anaruka kamba." Alimfuta mtoto jasho kwa upindo wa kanga, na kanga ikaacha alama nyeusi kwenye paji la uso. "Siku tatu nimemficha ndani ya jina la mwenzake. Nimeona kinachotokea humo. Simrudishi."

"Ukiuweka huu kwa jina lake, hamrudi Nanjengo."

"Nimesikia."

"Mumeo?"

"Mume wangu anaendesha kijiko cha mgodi, hata huko kuna mashimo ya kuchimbwa. Atanigombeza. Kugombezwa hakujaua mtu." Aliinuka na mtoto begani. "Naweza kuweka mwenyewe, au ni lazima uwe wewe?"

Kanuni ilisema ni lazima awe msomaji. Somoe alisogea pembeni.

Mama Ismati alikishika kichupa kama anavyoshika mtu yai, akakichomeka kwenye tundu, na Somoe akaandika jina: Ismati. Hawakuhesabu. Taa ilikuwa nyekundu kabla ya tisa.

KILIO: 412. RUFAA YA HARAKA.
CHAPA MBILI, MTOTO MMOJA. UDANGANYIFU UMETHIBITISHWA.

Namba ya hospitali ilitoka kwenye mdomo wa mashine, karatasi nyembamba yenye joto. Gari la wagonjwa lilijibu kwamba liko umbali wa dakika sita. Mama Ismati alikunja karatasi ile mara mbili, akaifunga kwenye pindo la kanga, akakaza fundo kwa meno.

Kioo kilikuwa bado kinasubiri.

CHANZO CHA SAMPULI YA ASUBUHI:

Palikuwa na nafasi ya jina moja, na chini yake kisanduku kidogo kilichoandikwa HAKIJULIKANI.

"Weka hapo," alisema Mama Ismati, akionyesha kisanduku kwa kidevu. "Mimi sitasema. Bibi alinipa kwa wema. Hata wakinibana sisemi."

"Najua hutasema."

"Sasa unangoja nini?"

Somoe alikuwa akifikiria dirisha. Miaka minne alikaa nyuma yake akipokea vichupa na kurudisha vichupa, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kumtaka mama mmoja amshushe mtoto akojoe mbele yake, kwa sababu mstari ulikuwa mrefu na kengele ya zamu haingoji. Kanuni ilimruhusu. Hakuwa ameitumia hata siku moja. Mama yake aligawa kilichobaki kwenye kopo. Yeye aligawa kijani. Mtoaji na mpokeaji ni kitu kimoja, na sheria, kwa ukali wake wote, haikuwa imekosea sana hapo.

Aliandika: Lukia Namkuna.

Mashine iliuliza kama ana uhakika. Alithibitisha.

Kwa watoto watano waliobaki alichagua uchafuzi wa vichupa, sampuli irudiwe kesho, na kwenye nafasi ya maelezo akaongeza sentensi moja: mtoto akojoe dirishani, mbele ya msomaji. Huo ulikuwa uongo na ukweli katika fomu moja. Aliusaini wote kwa jina lake, saa tano na dakika arobaini.

Mama Ismati alikuwa akimtazama.

"Umejichoma," alisema.

"Kidogo."

"Kidogo wapi. Bibi yule umempeleka Kambi na magoti yake yanayomuuma." Alitikisa kichwa, kisha gari likapiga honi nje na akatoka. Mlangoni alisimama. "Wale watano, nani atawaambia?"

"Chande atapita nyumba kwa nyumba jioni hii."

"Atawatukana."

"Ndiyo maana natuma yeye. Mimi nikienda watanifungia mlango."

*

Bibi alikuja kituoni saa kumi akimshika Lukia mkono, kwa sababu Somoe hakurudi kula. Alikuta mashine imezimwa na ilani imebandikwa kwenye kioo: msomaji mwingine angefika alfajiri kutoka mji mwingine. Chande alikuwa amekaa kwenye ngazi bila kofia, hana la kumtania mtu.

Somoe alimweleza mama yake yote, tangu pamba ya maji baridi hadi jina alilolijaza. Bibi alisikiliza akiwa amesimama. Lukia alikuwa akichungulia ndani ya tundu la mashine kwa jicho moja.

"Umemwandika mtoto," alisema Bibi.

"Nimemwandika."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni sisi, Mama. Tunazo siku tatu za kuhama."

Bibi aliketi kwenye kiti cha msomaji, kiti ambacho hakuwahi kukikalia, akalitazama dirisha kwa upande wa ndani. Lilikuwa dogo kuliko alivyodhani. Mtu akisimama nje, ndani zilionekana mikono tu.

"Yule mtoto atapona?"

"Wamepiga simu. Homa imeanza kushuka. Figo moja imeguswa, ya pili nzima. Atapona, atabaki na alama."

"Siku tatu," alisema Bibi. "Siku tatu nampa, nikimwambia mtoto wangu hana choyo." Alijipangusa viganja kwenye magoti, kama mtu aliyemaliza kuchambua kunde, akainuka.

"Huko Kambi wana mashine kama hii?"

"Hawana. Kuna muuguzi anayepita mara moja kwa wiki."

"Na wewe, ukimwona mtoto bila mashine, unaweza kujua?"

"Mara nyingine. Nikimgusa. Nikikaa naye."

"Basi tutakaa nao," alisema Bibi. Alimshika Lukia mkono, akamtoa kwenye tundu la mashine. "Majirani wapo huko?"

"Wapo."

"Tukafungashe."